Picha za Misuli ya Sikudhani

Tulimzika Sikudhani Jumatatu baada ya adhuhuri, na mimi mtani wake sikufungua mdomo. Wanaonijua watasema nimeanza kuongopa kwenye sentensi ya kwanza kabisa, maana mimi ni mtu ninayeweza kumchosha kasuku, na hata nikiwa na homa mke wangu hunipima joto kwa wingi wa maneno. Lakini siku ile nilisimama chini ya mwavuli wa watu, mvua ya bondeni ikimwagika kwa namna ambayo hata kambare angeomba hifadhi, na sikusema kitu. Kwa asiyetujua: ukoo wetu na ukoo wa akina Sikudhani ni watani tangu mababu, na mtani msibani ana kazi yake. Huvaa kanzu au kanga ya marehemu, huiga mwendo wake na sauti yake, huwasema wafiwa mbele ya kadamnasi mpaka wacheke na machozi yao mashavuni, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Watu walinisubiri. Mzee mmoja akanisogelea akaninong'oneza, "Vipi mtani, umekula gundi?" Nikatikisa kichwa tu. Baada ya hitma Hemedi, mume wa marehemu, akanivuta chumba cha nyuma, tukakaa katikati ya magunia ya mpunga, akasema, "Mdomo tulikufunga mimi na marehemu. Yeye keshatangulia, mie nakufungua. Sema, andika. Kuna watoto wa ukoo huu wanakua." Ndiyo maana naandika. Habari za nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani zitasubiri. Zimesubiri miaka yote hii na hazijaoza.

Naanzia kwenye chumba. Kilikuwa Kibiti, wakati huo Kibiti haijawa wilaya yenyewe, nyuma ya banda la mama ntilie aliyeamka kabla ya majogoo. Kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya mimi ndiye niliyesema alhamdulillahi. Asubuhi nilikula chapati na maharage ya jana, mchana wali na uduvi, na jioni, nikiwa sijalala, nilikwenda shule. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nasoma masomo ya jioni ya watu wazima kwenye darasa la watoto wa msingi, magoti yangu yamepanda juu ya dawati hadi karibu na masikio. Mbu wa darasa lile walikuwa wengi, wallahi, mwalimu alianza kuwaita majina wao kwanza. Hisabati nilifeli kwa uaminifu mkubwa, lakini baiolojia niliipenda kama dada wa watu, kwa sababu ya kazi yangu ya mchana. Nilikuwa mhudumu kwenye zahanati moja ya watu binafsi, kwenye chumba cha picha. Mashine ya altrasaundi ilikuwa moja, ya kuangalia matumbo ya wajawazito, na mimi nilikuwa waziri wake: nafua mashuka, naita majina mlangoni, nafuta ile jeli baridi inayopakwa mwilini, nafunika mashine kwa kitambaa nilichokishona mwenyewe, cha maua.

Mtaalamu wa picha aliitwa Dokta Elisante, mtu wa bara, Mkristo mpole aliyetumwa na maisha kutoka milimani kwao mpaka kwenye joto letu. Alikuwa mwembamba, kimya, mwenye huzuni ya kudumu kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na hakumbuki ni nini. Mchana tulikula pamoja kwenye benchi la nyuma. Yeye hakuuzoea uduvi, aliuokota mmoja mmoja akiutazama machoni. Kabla ya Kibiti alikuwa Dar es Salaam akimsaidia daktari wa mishipa ya fahamu, na huko ndiko alikojifunza kwamba mashine ile ya mimba inaweza kuangalia pia nyama ya mtu, misuli yake, ikaonyesha kama inaliwa na ugonjwa. Aliniambia hayo siku moja huku akichambua mwiba wa samaki. Alisema kuna magonjwa ya ukoo, mtu huzaliwa nayo hayaonekani, kisha ujanani misuli huanza kuisha polepole, na watu humwita mvivu, halafu mlevi, halafu aliyerogwa. Mimi nilisikia nusu. Nusu nyingine niliijaza mwenyewe, na nilipokwenda kijijini kwetu mwisho wa juma niliwatangazia watu kwamba mashine yangu inaona mpaka chakula ulichokila utotoni, na kwamba mtu mwenye siri asipite karibu na dirisha.

Mwaka ule hasa ulianza kwa kifo cha Kassimu, kaka yake Sikudhani. Mpunga ulikuwa unaiva, watu wamehamia bondeni, wanakaa kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo ambamo tunaamia ndege na kukimbia maji. Kassimu alikuwa hajapanda dungu miaka mingi. Kijana aliyewahi kubeba gunia la mpunga peke yake aliishia kutambaa sebuleni, na ukoo mzima ulijua sababu: alikanyaga tego. Alikata boriti kwenye mikoko ya mtu, mwenyewe akamtegea, miguu ikafa. Jina la huyo mtegaji lilikuwa linatajwa waziwazi, na mzee wa watu alikuwa hasalimiwi tena msikitini. Kassimu aliumwa kifua siku nne tu, akaondoka. Nami mtani nikafanya kazi yangu. Nilivaa kanzu yake na kofia yake, nikashika mkongojo wake, nikaigiza miaka yote ya Kassimu mmoja baada ya mwingine: kwanza anatembea kifua mbele, kiuno kinayumba huku na huku kama bata mwenye haraka; kisha ameanguka, anaamka; anaweka mikono chini, anainua makalio, anashika magoti, halafu anapanda mapaja yake mwenyewe kwa viganja, kiganja juu ya kiganja, kama mtu anayekwea mnazi ambao ni yeye. Watu walikufa kwa kicheko. Mama yake mwenyewe alicheka akajifunika kanga. "Yule! Yule kabisa!" wakapiga kelele. Niliona mtu mmoja tu hacheki. Sikudhani alikuwa ameketi ukutani na wenzake, mikono yake miwili juu ya mapaja, ananitazama kama mtu anayesomewa barua.

Siku tatu baada ya hapo alinikuta kisimani. Tulikuwa tumekua pamoja, tukitukanana kwa mapenzi ya utani tangu tukiwa na kamasi, hivyo nilianza: "Naona wafiwa wameanza kunifuata." Hakujibu utani. Akasema, "Shamte, ile ya kuinuka. Kushika magoti. Ulijifunzia kwa Kassimu kweli?" Nikasema nilimwona mara elfu kumi. Akatazama kulia na kushoto, akakaa chini mchangani, akasema, "Nitazame mie." Akainuka. Mikono chini, makalio juu, magoti, mapaja. Kiganja juu ya kiganja. Alipomaliza kusimama alikuwa anahema. "Ngazi ya dungu," akasema, "mwaka huu naipanda kwa kusukumwa na mdogo wangu. Nimewaambia nina kiuno. Mie sijakata boriti ya mtu, Shamte. Mie nimetegewa na nani?"

Hapa ndipo lazima mjue alichokuwa anakitetea. Sikudhani alikuwa ameposwa na Hemedi, mtoto wa mjomba wake, kijana wa Nyamisati, mchukuzi wa boriti mwenye mabega kama mlango wa msikiti. Kwetu binamu kuoana ni jambo la heri, mali hairuki ukuta, na hawa wawili zaidi ya hapo walipendana. Harusi ilikuwa baada ya mavuno. "Hemedi namtaka," aliniambia pale kisimani bila haya. "Lakini asije akaingia gizani. Kama ni tego, nijue. Kama ni kitu kingine, ajue kabla hajanioa. Wewe si unasema mashine yako inaona kila kitu?" Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa naongeza chumvi. Badala yake, tazama mdomo huu, nikasema, "Njoo Jumanne. Itakuona mzima, utaolewa Jumatano."

Alikuja Jumanne na kanga mbili na uongo mmoja, kwamba anakwenda kununua vitambaa. Dokta Elisante alimwita dada wa mapokezi akae naye, nami nikawekwa nyuma ya pazia, kama ilivyo adabu. Nilisikia tu. Nikasikia jeli ikibofywa, nikasikia Sikudhani akisema "uwi, baridi!" kisha Dokta akitaja sehemu kwa sauti ya chini na dada akiandika: paja la mbele kulia, paja la mbele kushoto, paja la nyuma, kigimbi, bega, mkono. Kwa mjamzito Dokta alitumia dakika chache. Kwa Sikudhani alitumia muda ambao mimi, kwa hesabu yangu iliyofeli mara tatu, niliuona ni miaka miwili. Mwisho akaniita. "Shamte, kunja suruali, panda kitandani." Nikapanda. Sikudhani alikuwa ameshajifunika, amekaa kwenye kiti, anatazama kioo cha mashine. Dokta akanipaka jeli pajani, akamwonyesha. "Huyu ni mzima. Ona, nyama yake ni nyeusi, ina vijistari vyeupe vyembamba, na kule chini ule mstari mweupe unaong'aa ni mfupa." Kisha akarudisha picha ya Sikudhani, akaziweka ubavu kwa ubavu. Yake ilikuwa nyeupe. Haikuwa na vijistari, haikuwa na weusi, ilikuwa kama ukungu wa asubuhi juu ya mto, na chini ya ukungu ule mfupa haukuonekana kabisa. "Mfupa wangu uko wapi?" Sikudhani akauliza. "Upo," Dokta akasema. "Ila nyama iliyoharibika inageuka mafuta na makovu, mawimbi ya mashine hayapenyi." Nilikuwa bado nimelala pale na paja langu jeusi zuri, na sijawahi kuona haya ya kuwa mzima kama siku ile.

Dokta hakuwa mtu wa kusema zaidi ya anachokijua. Alisema picha haitaji jina la ugonjwa. Inaonyesha mlango upi wa kugonga. Pande zote mbili zimeharibika sawasawa, alisema, na tego, kama lipo, halina adabu ya kula miguu yote miwili kwa usawa namna ile. Paja la nyuma limeisha kuliko la mbele, vigimbi bado vina nguvu kidogo, uso na macho havijaguswa. Kaka mtu alikuwa hivyo hivyo. Wazazi wazima, na tena wazazi wenyewe ni ndugu. Akaandika barua kwa yule daktari wake wa Dar es Salaam. Tulikwenda Sikudhani na mimi, kwa uongo wa pili, kwamba ana shangazi mgonjwa Temeke. Huko aliingizwa kwenye ile mashine kubwa ya sumaku, inayogonga kama mafundi bati mia moja waliogombana, na akatoka na picha zinazoonyesha mapaja yake yamekatwa kama vipande vya nguru. Humo kila msuli ulionekana peke yake. Iliyokufa ilikuwa myeupe. Iliyo hai, myeusi. Na palikuwa na miwili mirefu myembamba, upande wa ndani wa paja, imebaki myeusi kabisa, mizima, imezungukwa na weupe. Daktari yule, mama mtu mzima mwenye miwani, alitabasamu kwa huzuni alipoiona. "Kila ugonjwa wa namna hii una desturi yake ya kula," akasema. "Huu unaiacha hii miwili. Ni wa kurithi, binti yangu. Damu tungeituma nje ya nchi tuthibitishe, lakini mimi sina shaka kubwa." Sikudhani akauliza kama kuna dawa. Hakuna. Akauliza ataacha kutembea lini. Hajui, pengine miaka kumi, pengine ishirini. Akauliza, "Na watoto?" Mama yule akavua miwani. Akasema ugonjwa huu unahitaji pande mbili, baba na mama. Akiolewa na mtu baki, watoto watakuwa wazima, uwezekano mkubwa. Akiolewa na ndugu wa damu, hapo ndipo kwenye hatari.

Njiani kurudi tulipita Mkuranga. Kisha akanipa kazi. "Wazee lazima waambiwe kabla ya harusi," akasema. "Mama akisema, ataonekana hamtaki mtoto wa kaka yake. Dokta ni mgeni, ataambiwa katukana ukoo. Mie nikisema, wataona nina bwana wangu Kibiti nimetafuta sababu. Wewe ndiye mtani. Wewe peke yako una ruhusa ya kusema lisilosemeka na mtu asinune." Nikamwambia hilo ni jepesi kama kumeza tonge. Nikaapa. Nilikuwa naapa kwa kila kitu wakati ule, hata kwa bei ya nyanya.

Baraza la mahari lilikaa kwa akina Sikudhani, mikeka imetandikwa, wali wa nazi na kamba wa mtoni wananukia kutoka uani. Mzee Mpili, mjomba wa Sikudhani na baba wa Hemedi, alikuwa katikati, mtu mnene mcheshi mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Walipomaliza salamu wakanipa nafasi kama ilivyo desturi. Nilisimama nikiwa nimeyapanga maneno yangu kwa wiki nzima, machache, manyoofu. Lakini nyuso zile ziliniinukia zikiwa tayari zimeanza kucheka, na sijui msomaji, kama hujawahi kuwa mchekeshaji huwezi kujua, uso unaokungojea ucheke unavuta kama mkondo wa mto. "Shikamooni wezi wa mpunga," nikaanza. Kicheko. "Huyu bibi harusi wenu nimemwona mimi, nimemwona ndani mpaka mifupa, na mifupa yenyewe haipo!" Kicheko kikubwa. "Misuli imegeuka samli! Unaweza kumkaangia maandazi! Na ugonjwa huo ni wenu, umo kwenye damu yenu, ndio uliomla Kassimu. Mkimpa Hemedi binti huyu mtazaa wajukuu wa kutambaa kama kaa!" Mzee Mpili alikuwa anajipiga magoti, machozi yanamtoka. "Jamani," akasema akihema, "mtani anamtaka bibi harusi! Anatuharibia biashara ili amchukue yeye bure!" Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Nikainua mikono. "Wazee, sasa nasema kweli. Wallahi nasema kweli." Wakacheka zaidi, maana hayo yalikuwa ndiyo maneno yangu ya kila siku kabla ya uongo mkubwa. Kisha wali ukaletwa. Nami nikala. Nimeandika mengi humu ya kujisifu, basi na hili liandikwe: nilikula, na nikaongeza.

Sikudhani alikuwa nyuma ya ukuta wa makuti, amesikia yote. Nilimkuta uani amekaa kwenye kinu kilicholazwa. "Nimewaambia," nikasema. "Umewachekesha," akasema. "Nilikupa maneno matupu, wewe ukayapa mkia na masikio." Nikamwahidi nitakwenda kwa Mzee Mpili peke yake, kesho yake, bila utani. Nilikwenda kweli, mpaka Nyamisati, nikamkuta penye mafungu ya boriti, matope yamemfika kwenye vifundo. Nikamsalimu kwa adabu zote, nikamweleza polepole kama nilivyoelezwa mimi: picha, misuli myeupe, damu ya pande mbili. Safari hii hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu Shamte, utani una baraza lake. Jana nilicheka kwa kuwa ilikuwa jana. Leo umenifuata kazini kwangu, uso mkavu, kuniambia damu yangu ni chafu? Marehemu alikanyaga tego, mji mzima unajua. Ondoka kabla sijasahau kwamba wewe ni mtani." Nikaondoka. Nilipocheka hawakuamini, nilipoacha kucheka nilikuwa nimetukana. Mlango wa tatu sikuuona. Dokta Elisante alijitolea kuja mwenyewe, lakini Sikudhani akakataa. "Nitamwambia Hemedi mwenyewe," akasema. Nikamuuliza lini. "Nikiwa naye peke yangu. Na kabla ya ndoa hawatuachi peke yetu."

Akaolewa. Watu bado wanaisifu harusi ile. Kwetu bibi harusi haingii kwa mumewe kwa miguu yake. Somo yake, yule mama aliyemfunda, humbeba mgongoni, amefunikwa kanga gubigubi, vigelegele mbele na nyuma. Kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba zile ngazi tatu za kibaraza cha Hemedi asingezipanda. Desturi ilimficha vizuri kuliko uongo wetu wote. Alikuwa amekaa, amepambwa, ameinamisha macho, na watu wakasema binti huyu ana haya nyingi, hainuki hata kwenda kunawa. Nilicheza ngoma siku hiyo mpaka kandambili zikakatika. Kila nikigeuka namwona Hemedi anachekelea kama mtoto aliyepewa muwa, na mimi najua kitu ambacho yeye hajui.

Baada ya fungate, asubuhi, Hemedi alitokea zahanati. Hakuwa anachekelea. Alisimama mlangoni mwa chumba cha picha, mabega yake yamejaza mlango, akamsalimu Dokta, kisha akasema, "Keshaniambia. Nipigeni na mimi." Dokta akampima mwili mzima. Nilikuwa nimesimama karibu na kioo, na picha zake zilikuwa nyeusi, safi, vijistari vyote mahali pake, mfupa unang'aa kule chini kama panga jipya. Hemedi akaona mwenyewe. "Basi mie mzima! Basi hakuna neno!" Dokta akazima mashine. Akaeleza kwamba mtu anaweza kuubeba ugonjwa nusu, kutoka upande mmoja, na nyama yake isionyeshe kitu maisha yake yote. Mashine hii haioni hilo, na ile ya sumaku haioni pia. Hemedi alinigeukia. "Shamte, sema wewe. Kiswahili chake kina vitabu vingi. Lakini usinichekeshe." Nikakaa chini mbele yake. Nikamwambia, "Hemedi, gunia la mbegu linaweza kuwa safi kwa macho, kumbe lina punje za mpunga mwitu. Huzijui mpaka zikuote shambani. Sikudhani punje zake tumeziona. Zako hatujui, lakini mama yake na baba yako walinyonya titi moja. Kama unazo, kwenye kila mimba yenu ni hali ya nusu kwa nusu mtoto kuwa kama Kassimu. Kama huna, watoto wote wazima. Hapa hakuna wa kukwambia unazo au huna." Hayo tu. Yalikuwa maneno machache kuliko yote niliyowahi kusema kwa pamoja, na aliyasikia yote.

Akakitazama kile kitambaa changu cha maua. Nje wajawazito walikuwa wamepanga foleni kwenye benchi, wanazungumza juu ya bei ya sukari. Mwisho akauliza, "Nani anajua?" Nikamwambia sisi watatu hapa, mkewe, dada wa mapokezi na mama wa miwani Dar es Salaam; baba yake aliambiwa, hakuamini. "Ibaki hivyo," akasema. "Ana wadogo zake wawili wa kike hawajaposwa. Likitoka hili, watazeekea uani. Mke simwachi. Na hatutazaa. Wakiuliza, aibu iwe yangu." Dokta akamwambia kuna njia za kuzuia mimba, akampa maelezo na tarehe ya kurudi na mkewe. Mimi nilitaka kumwambia kwamba aibu ya namna hiyo kwetu haimfuati mwanamume, hata ukiilazimisha. Sikumwambia. Na sikumwambia pia lile ambalo limenisumbua zaidi miaka iliyofuata: kwamba siri inayowalinda wadogo zake wa leo ndiyo itakayowafumba macho wajukuu wa kesho. Sikulijua vizuri, au nililijua nikaogopa, kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibu mara mbili kwa kusema.

Mwaka ulipokaribia kutimia, jirani yao alichinja mbuzi wa akika ya mtoto. Bonde lilikuwa limejaa mpunga tena, madungu yamekarabatiwa, ndege wanapigiwa madebe. Tulikaa mkekani uani, wanaume huku, wanawake kule, pilau katikati, na Sikudhani alikuwa amekaa miguu ameinyoosha, mtoto mchanga wa watu amewekwa mapajani mwake ili apate bahati. Bibi mmoja akaniita kwa sauti. "Mtani! Mbona leo umekuwa mkwe? Hawa Hemedi na mkewe mwaka unaisha, uji wa mzazi uko wapi?" Watu wote wakanigeukia. Mtani akinyamaza mbele ya swali kama lile, kila mtu anajua pana jambo. Nikamtazama Sikudhani. Akafumba macho akayafumbua, taratibu, mara moja. Nikasimama. Nikamrushia Hemedi, kama alivyotaka. "Mwacheni Hemedi! Amebeba boriti za watu mpaka ya kwake imeliwa na mchwa!" Uwanja ukalipuka, Hemedi akainama akacheka. Lakini bibi yule hakuridhika. "Mchwa gani!" akajibu. "Shamba lenyewe la chumvi, lingeota nini?" Wakacheka zaidi, na sasa macho yote yalikuwa kwake yeye, na yule mtoto wa watu mapajani.

Sikudhani alicheka kuliko wote. Alimrudisha mtoto kwa mama yake akicheka. Vyombo vikatolewa, wanawake wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakijikung'uta, na yeye hakuinuka. Nikaelewa. Hangeweza kuinuka mbele yao. Wote walikuwa wameniona nikimwiga Kassimu mwaka uliopita, na mwendo ule wangeutambua. Nikarudi katikati ya mkeka nikaanza upya. Nilimsema imamu, nikamsema mwenye mbuzi, nikamsema mbuzi. Nilisema uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuutunga, na wao wakawa wanaondoka wakicheka, wanageukia mlangoni kucheka, wananiambia nitawaua, mpaka wa mwisho akatoka na sufuria yake kichwani. Nikaendelea hata baada ya hapo, kwa kuwa sikujua pa kusimama.

"Basi, mtani," Sikudhani akasema. "Sasa nyamaza."

Nikanyamaza. Hemedi akamjia kwa nyuma, akamtia mikono makwapani, akamwinua.